"Boda" hukaa nyuma: kulinganisha na kutia chumvi kwa Kikorea

Nilipokuwa katika mwezi wa pili wa kujifunza Kikorea, mwalimu aliniuliza ni mji upi wenye baridi zaidi kati ya Seoul na Dar es Salaam, nami nikajibu kwa kujiamini: Seoul-boda Dareueseusallam-i chuwoyo. Darasa zima liliangua kicheko, kwa sababu nilikuwa nimedai kwamba Dar es Salaam, tena katika joto la Januari, ina baridi kuliko Seoul.

Kosa hilo lilitokana na Kiswahili changu. Sisi hutanguliza "kuliko" kabla ya kitu tunacholinganishia, hivyo nikadhani kwamba neno linaloangukia katikati ya miji miwili linatosha. Kikorea hubandika boda (보다) nyuma ya jina la kitu hicho: Seoul-i Dareueseusallam-boda chuwoyo. Ukipenda, anza na Dareueseusallam-boda, na maana haitabadilika, kwa kuwa kiambishi ndicho kinachoamua, wala si mpangilio wa maneno. Tangu siku ile nakumbuka bodaboda: abiria hukaa nyuma, na boda ya Kikorea nayo hukaa nyuma ya jina lake. Neno deo (더), yaani "zaidi", unaweza kuliongeza kabla ya kivumishi au kuliacha.

Katika kutia chumvi, Mswahili atajiona yuko nyumbani. Sisi husema "nakufa njaa", na wao husema baegopa jukgesseoyo (배고파 죽겠어요). Badilisha neno la kwanza upate deowo jukgesseoyo kwa joto au pigonhae jukgesseoyo kwa uchovu. Hata hivyo kuna mtego ulioninasa kwa muda mrefu: umbo hilo hueleza hali ya msemaji mwenyewe. Kwa Kiswahili nitasema bila taabu kwamba mdogo wangu anakufa njaa, lakini kwa Kikorea sipaswi kumsemea kwa jukgesseoyo, bali kwa baegopa jugeuryeogo haeyo, kana kwamba ninaeleza ninachokiona kwake kwa nje. Sikushauri pia ulitumie mbele ya mkubwa wako kazini, kwani lina ladha ya mazungumzo ya marafiki.

Mahali pa rasmi zaidi, tumia jeongdoro (정도로), yaani "kiasi cha": nunmul-i nal jeongdoro maewoyo, ni kali kiasi cha kutoa machozi. Hapo unaweza kuandika hata barua bila kuonekana una utani.

Misemo mingine ikariri nzima nzima, kwa maana ukiivunja utapoteza utamu wake. Chakula kitamu husifiwa kwamba watu wawili wakikila, mmoja anaweza kufa na mwenzake asitambue. Anayesubiri sana husubiri mpaka shingo ichomoke. Mshahara mdogo nao huitwa jwikkoriman han wolgeup, mshahara wa ukubwa wa mkia wa panya, na huu ndio msemo ambao mimi sikuhitaji kuurudia mara mbili ili niukariri.