Komenti za bwana shamba zijulikane vipi?

SWALI: Mbukwa kaka fundi, mi niko Hombolo hapa Dodoma, nina tovuti ya WordPress ya wakulima wa zabibu, naandika makala afu chini watu wanauliza na bwana shamba wetu anajibu, shida komenti zote zinafanana. Juzi kuna mtu kajiita "Bwana Shamba" akashauri salfa ya ubwiri unga ipigwe saa saba mchana, mzee mmoja akafuata, majani yakaungua. Nimeona klasi (jina la kupakia muonekano kwenye CSS) inaitwa bypostauthor nikaipaka rangi ila zinabadilika komenti zangu tu, za kwake hazibadiliki. Nifanyeje?

JIBU: Mpe pole sana mzee wetu, salfa na jua kali la mchana haviendani kabisa, hiyo ni ya asubuhi mapema au jioni.

Bypostauthor ni ya aliyeandika makala hiyo, na makala umeandika we, ndo maana zako tu zinapata rangi. Bwana shamba mtengenezee klasi yake, na tafadhali usiifunge kwenye jina maana jina mtu yeyote anaandika, si umeona? Ifunge kwenye namba ya akaunti. Mfungulie akaunti, afu kwenye orodha ya watumiaji weka mshale juu ya Edit ya jina lake, chini ya brauza utaona user_id=7 au namba nyingine. Sasa nenda functions.php ya themu mtoto (themu ndogo inayorithi ile kubwa), sio themu kubwa maana siku ukiapdeti kila kitu kinafutika, bandika hii:

add_filter('comment_class', 'klasi_ya_shamba', 10, 3);
function klasi_ya_shamba($classes, $css, $id) {
  $k = get_comment($id);
  if ($k && (int) $k->user_id === 7) $classes[] = 'bwana-shamba';
  return $classes;
}

Hapo 7 weka namba ya akaunti ya bwana shamba, na hiyo return usiisahau, kwenye PHP mpya ukurasa unaweza kugoma kabisa.

Afu kwenye style.css:

.bwana-shamba > .comment-body { border-left: 5px solid #7b1e4b; padding-left: 12px; }
.bwana-shamba > .comment-body::before { content: "Bwana shamba"; font-weight: bold; }

Hiyo alama > ina kazi kubwa, kwa sababu majibu ya watu yanakaa ndani ya komenti wanayoijibu, sasa ukipaka komenti nzima na huyo tapeli akijibu chini ya bwana shamba naye anaingia kwenye rangi, yaani umempa kitambulisho mwenyewe. Na maneno niliyaweka makusudi, mtu yuko shambani na simu ndogo juani rangi peke yake haioni.

Bwana shamba lazima alogin kabla ya kujibu, asipologin user_id inakuwa 0 na klasi haiji, hata komenti zake za zamani alizoandika bila kulogin zitabaki vilevile. Ukimaliza futa kashe (nakala za zamani za kurasa zilizohifadhiwa) ndo uangalie.

Ikigoma bado, fungua sosi ya ukurasa utafute bwana-shamba, kama haipo kabisa basi aliyetengeneza themu kaandika class="comment" kwa mkono, itafute kwenye comments.php yake, ikiwemo nakili faili hiyo kwenye themu mtoto, badala ya class="comment" weka <?php comment_class(); ?>. Na ile komenti ya salfa ifute leo, usisubiri rangi.