Fundi wa bunduki akikaa kimya, muulize bunduki inasubiri nini

Watu wengi wakilalamika kuhusu mafundi wa bunduki wanalalamikia kuchelewa. Mi kuchelewa sina shida nako sana, kuna kazi niliisubiri muda mrefu mno na siku ya kuichukua nilikuwa na furaha tu, maana jamaa kila mara alikuwa ananiambia imefika wapi. Kinachonitoa roho ni kimya. Unatuma meseji unaona kabisa imesomwa, unapiga simu inaita mpaka inakata, na wewe umemwachia mtu silaha iliyosajiliwa kwa jina lako, sio viatu.

Kuna fundi nilimpelekea bunduki ya kuwindia ya bolti, ile ya kuvuta komeo la nyuma kwa mkono kila risasi, kazi ilikuwa mtutu mpya, kitako cha mbao cha kipimo changu na kurudishia rangi ya chuma. Akaniambia bosi usiwe na wasiwasi, msimu utakukuta unayo mkononi. Msimu ukaingia ukatoka. Kila nikibahatika akapokea simu jibu ni lile lile, "nimebakiza finishi tu", basi nikatulia nikijua finishi ni siku chache hizo. Siku moja nikaamua kupita mwenyewe karakana bila kuaga. Mtutu wa zamani ulikuwa bado umefungwa pale pale, haujaguswa hata na spana, na kitako changu kilikuwa bado ni ubao mzima umeegemezwa ukutani umeandikwa jina langu kwa chaki. Sasa nikajiuliza, finishi ya nini?

Tuwe wakweli lakini, hii kazi ina kungoja ambako hata fundi mwadilifu hakwepi, na mteja asiyejua hilo ataishia kugombana na mtu asiye na kosa. Chukua mtutu. Watengenezaji wa mitutu mizuri wengi wanatengeneza kwa oda na foleni yao ni ya miezi, fundi wako hana namna ya kuisogeza. Ukifika lazima uchongwe chemba, ile nafasi ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, na kila kaliba, yaani aina na ukubwa wa risasi, ina rima yake ya kuchongea, kama kaliba yako sio ya kawaida fundi hana hiyo rima, itabidi aagize au akodi. Afu kuna geji mbili za kupimia urefu wa chemba, moja bolti inatakiwa ijifunge juu yake na nyingine igome, na kwa kaliba kama .308 tofauti ya hizo geji ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Chemba ikizidi urefu ganda linaweza kupasuka nyuma na gesi ya moto ikakurudia usoni. Kwa hiyo hapo fundi akisema anaenda taratibu, mwache aende taratibu.

Mbao nayo ina mambo yake. Wolnati ambayo haijakauka vizuri ukiichonga leo, baadaye inajipinda inausukuma mtutu, na risasi zako zinaanza kupiga pembeni bila sababu unayoiona. Mafuta ya kitako yanapakwa tabaka kwa tabaka na kila tabaka lisubiri likauke. Ile epoksi (gundi ngumu) ya kukalishia resiva, kile chuma kinachobeba bolti na mtutu, ndani ya kitako kwa kawaida inaachwa ilale usiku mzima kabla ya kufungua.

Na rangi ya chuma ndio watu hawaielewi kabisa. Ile ya zamani ya kutu inafanyika hivi, chuma kinasafishwa mafuta yote yatoke, kinapakwa dawa, kinaachwa mahali penye unyevu kishike kutu makusudi, afu kinachemshwa kwenye maji ile kutu nyekundu inageuka nyeusi, kinasuguliwa kwa brashi laini, na unaanza tena upya mara kadhaa mpaka weusi ukolee, na ukiharakisha inatoka mabaka. Ile ya tangi la chumvi la moto ni ya haraka zaidi ila tangi linachemshwa mpaka kama nyuzi 140 za Selsiasi na hakuna fundi atakayelichemsha kwa bunduki moja, anasubiri ziwe kadhaa azitumbukize pamoja. Yaani bunduki yako inaweza kuwa tayari kabisa ikawa inasubiri bunduki za watu wengine.

Kwa wenzetu wa Uingereza kuna kituo kingine tena, mtutu hauruhusiwi kuuzwa bila kupigwa risasi za majaribio zenye nguvu kuliko za kawaida na kugongwa muhuri, London wanafanya hiyo kazi tangu 1637 na Birmingham tangu 1813. Hapo bunduki inatoka kabisa mikononi mwa fundi inaingia foleni ya watu wengine.

Kwa hiyo kuchelewa kuna sababu, tena sababu za maana. Kimya hakina. Kuandika "mtutu bado haujafika" ni kazi ya nusu dakika.

Sasa ushauri wangu mkubwa ni huu, acha kuuliza itakuwa tayari lini. Hilo swali linamfundisha mtu kusema uongo, kwa sababu yeye mwenyewe hajui, na ana njia rahisi ya kukuondoa kwenye simu, anakutajia wiki mbili. Wiki mbili zikipita anakutajia nyingine. Muulize hivi, tena kwa maandishi: "Bunduki sasa hivi iko hatua gani, na inasubiri nini?" Swali hili linataka kitu, haliridhiki na tarehe. Akikujibu "inasubiri mtutu, muuzaji kasema mwisho wa mwezi ujao", una cha kufuatilia. Akijibu "inasubiri wenzake wawili tuchemshe tangi", sawa. Hata akikuambia "sijaigusa, nina kazi nne mbele yako" hilo nalo ni jibu zuri tu, linauma ila ni la kweli, na unaweza kuamua kusubiri au kuichukua. Jibu la kuogopa ni linalorudi nyuma, mara ya kwanza alisema mtutu umefika, sasa hivi eti uko njiani. Meseji zitunze zote, usifute. Na akianza na "haraka haraka haina baraka" jua hapo hakuna kilichofanyika, mtu mwenye kazi mkononi anakuonyesha picha ya kazi, hakupi methali.

Ila na sisi wateja tuna yetu. Karakana nyingi za namna hii ni mtu mmoja, ndiye anayekereza mtutu, anapokea simu, anaagiza vipuri na anaandika vitabu. Ukimpigia kila siku unamtoa kwenye mashine kila siku. Mi nakubaliana naye mwanzoni kabisa, nitakuuliza mara moja kila baada ya wiki mbili kwa meseji, unijibu ukishaweka zana chini jioni. Wengi wanakubali, na wakishakubali wanaona aibu kukaa kimya. Kingine, ukishatoa oda usianze kutuma picha za vitako ulivyoviona mtandaoni na "hivi tukibadilisha kidogo hapa". Kila badiliko linarudisha kazi nyuma na linampa sababu halali ya kutokujibu kuhusu ile ahadi ya mwanzo. Na usipeleke bunduki mwezi mmoja kabla ya msimu, kila mwindaji anaamka siku hiyo hiyo. Peleka msimu unapoisha, ikichelewa ichelewe ukiwa huihitaji.

Pesa. Tenganisha pesa ya vipuri na pesa ya mkono. Ya vipuri lipa, na uombe nakala ya oda yenye kaliba na urefu wa mtutu ulioagizwa. Ya mkono lipa nusu au ikiwezekana mwishoni. Fundi anayedai advansi ya pili kabla hujaona kipuri hata kimoja, mara nyingi advansi yako ya kwanza ndiyo imenunua mtutu wa aliyekutangulia, na sasa anahitaji ya kwako tena amalizie ya mwingine. Hawa sio wezi wote, wengine wamezidiwa tu na madeni, lakini mwisho wake kwako ni ule ule.

Karatasi usizidharau. Kabla hujaondoka uwe na risiti yenye aina ya bunduki, namba yake, kaliba, hali yake na vitu ulivyoacha nayo. Darubini ing'oe ubaki nayo nyumbani kama kazi haiihusu, mkanda pia. Piga picha pande zote, namba ionekane. Mwombe aiandike kwenye kitabu chake mbele yako, kwa mfano Marekani fundi wa kulipwa anatakiwa awe na leseni ya serikali kuu na bunduki ikilala kwake lazima iingie kwenye kitabu. Kama kwenu kibali kinataja kaliba, ruhusa ya kubadilisha kaliba itafute kabla mtutu haujaagizwa, sio baada. Na fikiria hili ambalo hakuna anayependa kulifikiria, fundi akifa au karakana ikafungwa ghafla, bunduki yako inafungiwa humo na mwenye karatasi ndiye anayeipata.

Mafundi mnaosoma hapa, habari mbaya ikitolewa mapema mteja anaimeza. Ukiharibu kitako sema umeharibu kitako. Mteja aliyeambiwa ukweli atakaa kwenye foleni yako na ataleta na shemeji yake, ila aliyefichwa atakuja na polisi kuulizia mali yake, na hapo sijui utamwambia umebakiza finishi ipi.

Ukiona imeshindikana, ichukue. Andika meseji moja ya heshima, unaifuata siku fulani saa fulani, pamoja na vipuri vyote ulivyolipia, na uende na mtu mwingine. Usiingie kwenye mabishano ya nani alisema nini, hakikisha namba ya bunduki ni yako, hesabu vipuri, na mwombe akuandikie kilichofanyika mpaka hapo, hasa kama chemba imeguswa. Ya kwangu niliichukua hivyo, na ule ubao wenye chaki nikaubeba pia. Kama mtutu umeshafungwa usipige hata risasi moja mpaka fundi mwingine aipime kwa geji zote mbili, hata kama yule wa kwanza anakuapia iko poa.