Maswali yenu kuhusu tumbo, nguvu za mwili na mazoezi

Maswali mengi niliyopokea mara hii yanatoka kwa watu walioamua kula vizuri, wakabadilisha kila kitu kwa siku moja, na tumbo likagoma. Naanza na hao, na kwao nitakaa kidogo.

Swali: Wiki mbili sasa nimeacha mkate mweupe. Nakula nafaka zisizokobolewa, maharage kila siku na bakuli kubwa la mboga mbichi. Badala ya nafuu, tumbo limejaa gesi na choo kimekuwa kigumu kuliko zamani. Je, vyakula hivi havinifai?

Vinakufaa sana, ndugu yangu. Kilichokuponza ni kasi.

Nyuzinyuzi ni sehemu ya mmea ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuimeng'enya. Hupita hadi utumbo mpana, na huko bakteria wanaisubiri. Wanapoichachua hutoa gesi, lakini hutoa pia asidi fupi za mafuta ambazo seli za ukuta wa utumbo mpana huzitumia kama chakula chao. Kwa hiyo gesi unayoisikia ni kelele za kazi. Bakteria wako wameletewa mzigo ambao hawakuuzoea, na wanahitaji majuma kadhaa ili wale wanaoimudu kazi hiyo waongezeke.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kinakaribia nusu ya kiasi hicho cha nyuzinyuzi, na tufaha likiliwa na ganda lake huongeza gramu 4 hivi. Ukijumlisha na nafaka na lile bakuli la mboga, utaona umeruka hatua nyingi kwa siku moja.

Rudi nyuma kidogo. Nusu kikombe cha maharage mara tatu kwa wiki yanatosha kuanzia. Nusu ya mboga zako zipikwe. Kila wiki ongeza kitu kimoja tu, usikilize tumbo linasemaje. Na maji usiyasahau, maana nyuzinyuzi hunyonya maji kama sifongo. Mtu akiongeza nyuzinyuzi bila kuongeza maji, choo hukauka. Nadhani hapo ndipo ulipokwama.

Maharage yenyewe yaloweke usiku kucha. Asubuhi litazame bakuli: punje zimevimba karibu mara mbili, maji yamegeuka rangi ya chai, na pembeni kuna povu jembamba. Ndani ya maji yale zimo baadhi ya sukari ambazo mwili wetu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, na ndizo zinazoleta gesi. Yamwage yote, suuza, kisha upike kwa maji mapya hadi punje ipondeke kwa ulimi bila kuhitaji meno.

Jambo la mwisho kwako, ambalo watu huona haya kuuliza. Chakula kinapoingia tumboni baada ya usiku mzima, utumbo mpana hupata ishara ya kusukuma. Ndiyo maana haja huja baada ya kifungua kinywa, na anayeizuia kwa sababu amechelewa kutoka, siku baada ya siku, huufundisha mwili kunyamaza. Amka dakika kumi na tano mapema. Kama choo chako ni cha kukalia, weka kibao kidogo chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga. Njia hunyooka, na hutalazimika kukaza. Wanaochuchumaa tayari wako katika mkao mzuri. Na usijilinganishe na mwenzako: kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki ni kawaida, mradi choo ni laini na hakina maumivu.

Swali: Mama mkwe ananikataza kunywa maji wakati wa kula. Anasema yanazimua tindikali ya tumbo. Ni kweli?

Mpe heshima yake, na maji yako kunywa. Tumbo hupima tindikali yake lenyewe na kuongeza inapopungua, na maji hupita humo upesi. Ukijisikia umejaa mno, punguza uwe unakunywa kidogo kidogo. Vinywaji vyenye gesi ndivyo vya kuweka kando, kwa sababu hewa ile lazima itafute pa kutokea.

Swali: Kila siku ikifika saa tisa alasiri nasinzia kazini, ingawa mchana nakula nikashiba. Soda huniamsha, lakini saa moja baadaye narudi palepale.

Sehemu ya usingizi huo ni saa ya mwili. Mchana hulegea hata kwa aliyeshinda njaa. Sehemu nyingine iko kwenye sahani. Wanga mweupe ukiwa mwingi na peke yake hugeuka glukosi upesi, kongosho humwaga insulini, na sukari ya damu ikishuka unabaki mzito. Soda inarudia mchezo uleule: kopo la mililita 330 lina gramu 35 hivi za sukari. Shirika la Afya Duniani linasema ingefaa sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 25 kwa siku nzima, kwa hiyo kopo moja tu limeshavuka.

Kesho jaribu hivi. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe maharage, samaki, mayai au nyama, robo inayobaki iwe wanga. Kula mboga na protini kwanza. Kisha, kabla ya kukaa, tembea dakika kumi. Misuli inapofanya kazi huchukua glukosi kutoka kwenye damu, na matembezi hayo mafupi hupunguza ule mpando wa sukari baada ya mlo. Hili napenda kulisisitiza kwa sababu halina gharama na matokeo yake huonekana siku hiyohiyo.

Kahawa ya alasiri iangalie pia. Nusu ya kafeini huchukua takriban saa tano kutoka mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa kumi jioni bado kimo nusu nzima saa tatu usiku, na usingizi ulioharibika leo ndio uchovu wa kesho.

Lakini kama uchovu wako unaanza tangu asubuhi, unahema ukipanda ngazi, au unapata hedhi nzito, nenda ukapimwe damu; huenda umepungukiwa madini ya chuma. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma ya mimea yasifyonzwe vizuri. Inywe saa moja baada ya mlo, na mahali pake weka chungwa au limau, ambalo husaidia chuma kuingia.

Swali: Naanza kukimbia alfajiri. Nikila kabla, tumbo hunikata. Nisipokula, naogopa kuishiwa nguvu. Nifanyeje?

Kwa mbio nyepesi zisizofika saa nzima, nenda na maji tu. Misuli ya mtu mzima huhifadhi gramu 300 hadi 500 za glaikojeni, yaani sukari ya akiba, na usingizi hauimalizi. Kinachokukata ni hiki: ukikimbia, damu huelekea misulini na tumbo hubaki na mzigo bila wa kuubeba. Mlo kamili uache saa tatu kabla. Ukihisi kizunguzungu, nusu ya ndizi mbivu nusu saa kabla ya kutoka inatosha. Vyakula vya mafuta na nyuzinyuzi nyingi viache kwa baadaye. Ukirudi, kula wanga pamoja na protini ya gramu 20 hivi, mfano mayai mawili na kikombe cha mtindi. Anayetumia dawa za kisukari asikimbie bila kula kabla hajaongea na daktari wake.

Swali: Shikamoo. Rafiki yangu ananishauri ninywe dawa ya kusafisha tumbo kila mwezi, nitoe uchafu ulioganda kwenye utumbo. Niinywe?

Marahaba, mwanangu. Usiinywe. Ukuta wa ndani wa utumbo hujibadilisha wenyewe kila baada ya siku chache; hakuna uchafu wa miaka ulioganda humo. Dawa hizo nyingi ni za kuharisha. Kilo unazoziona zimepungua ni maji, na pamoja na maji hutoka potasiamu, madini ambayo moyo huyahitaji ili upige sawasawa. Inaniuma kuona mtu akilipia kuharisha. Kama una choo kigumu, fuata niliyomwambia msomaji wa kwanza.

Swali: Natoka kazini usiku, nakula na kulala papo hapo. Kiungulia hakiniachi. Nimekata pilipili, bado.

Pilipili huenda haina kosa kubwa. Kati ya umio na tumbo kuna msuli unaofunga mlango; ukilala tumbo limejaa, tindikali huusukuma na kupanda. Hamisha mlo mkubwa ule kazini, na ukifika nyumbani kula kidogo, kisicho na mafuta mengi. Ukishakula, kaa saa mbili hadi tatu kabla ya kulala. Ukilala, lalia ubavu wa kushoto, na uinue miguu ya kitanda upande wa kichwa; mito mingi hukunja tumbo na kuongeza tatizo.

Fanya hivyo wiki tatu. Ikiwa baada ya hapo bado kinakuja, nenda kwa daktari. Lakini kama chakula kinakwama kooni, unapungua uzito bila kutaka, au choo chako ni cheusi kama lami, usisubiri wiki hizo tatu ziishe. Nenda kwa daktari kesho asubuhi. Ukitapika damu, nenda usiku huohuo.