Jibu: Kuvuta pikapu ya otomatiki nyuma ya Coaster, Morogoro hadi Mbeya

Mkuu, umeuliza kama pikapu yako ya otomatiki, isiyo 4WD, inaweza kuvutwa na Coaster (basi dogo) uliyoigeuza nyumba, matairi yote manne chini, gia ikiwa N (nyutro). Nakusihi usifanye hivyo. Pampu ya oili ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikizimwa pampu imelala, lakini matairi ya nyuma yanazungusha propela shafti (chuma kirefu kinachounganisha giaboksi na matairi ya nyuma), nayo inazungusha vyuma vya ndani bila oili ya kutosha. Kwa safari ndefu hivyo, giaboksi utaiua.

Kama ni lazima uivute, fundi afungue propela shafti kabisa. Kwanza apige alama ya rangi kwenye flenji (sahani ya boliti mwishoni mwa shafti) na difu (giaboksi ya ekseli ya nyuma), ili wakati wa kurudisha boliti zikae palepale, la sivyo gari litatetemeka. Kama shafti imechomekwa kwenye giaboksi, tundu lizibwe, maana oili itamwagika yote.

Tumia chuma cha kuvutia, siyo kamba. Ufunguo uwe umeachia usukani, hendibreki ishushwe, na taa za nyuma za pikapu ziunganishwe na za Coaster.

Kinachonitia hofu zaidi ni mlima wa Kitonga ulio njiani. Kupanda na zile kona injini ya Coaster itachemka, na ukirudi ukishuka, breki za Coaster pekee ndizo zitabeba magari mawili, kwa sababu pikapu haina wa kukanyaga. Mimi ningetafuta dereva wa pili aiendeshe tu. Ikiwa ni mbovu, ipakie kwenye lori.

Coaster yako ni ya injini gani, na imebeba uzito kiasi gani?