Orodha ya drafti ya NBA 2009: nilianza na mstari mmoja wa Thabeet, nikamaliza na sitini

Mjomba wangu ni baharia mstaafu, na kijiwe chake kiko Magomeni chini ya mwarobaini. Siku nilipomwambia kwamba wiki nzima silali sawasawa kwa sababu ya drafti, akanisogezea ubao na kete. "Kaa basi, nikufunge mbili za haraka." Ikabidi nimfafanulie kuwa drafti niliyoisema ni ile ya Marekani, timu za NBA, ligi ya mpira wa kikapu, zinapogawana vijana wapya kila mwaka, na kwamba mimi siichezi, naiandikia orodha ya Wikipedia kwa Kiswahili. Akauliza kitu kimoja tu: "Yule kijana wetu mrefu yumo?"

Yumo. Tena ndiye aliyeniingiza kwenye kazi hii. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili mwaka 2009 na Memphis Grizzlies akitokea Chuo Kikuu cha Connecticut, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Nilikusudia kuuweka sawa mstari wake peke yake, basi. Kumbe mstari wa orodha hausimami wenyewe. Ukiandika namba 2, msomaji anataka kujua nani alikuwa 1 na nani 3, na akikuta namba 3 ni James Harden na namba 7 ni Stephen Curry, waliokuja kuwa nyota wakubwa, anaanza kuuliza maswali ambayo mstari mmoja hauwezi kuyajibu. Nikajikuta na majina sitini kwenye ukurasa wangu wa majaribio.

Nayaandika haya kwa wale wanaotaka kuifanyia kazi drafti ya 2011 kwa sababu ya Bismack Biyombo wa Lubumbashi, au ya 2021 kwa sababu ya Jonathan Kuminga wa Goma. Makosa yangu yasomeni kwanza, kisha mkafanye ya kwenu.

Kosa la kwanza lilikuwa tarehe, na nililifanya kwa kujiamini kabisa. Niliandika 26 Juni 2009. Nilikuwa naikumbuka siku ile, nakumbuka tulivyokesha. Drafti ilifanyika tarehe 25, katika ukumbi wa WaMu Theater ndani ya Madison Square Garden, New York. Jioni ya New York mwezi Juni ni usiku wa manane kwetu, tofauti ya saa saba, kwa hiyo David Stern, kamishna wa NBA wakati ule, alipolitaja jina la Thabeet pale jukwaani, Dar tarehe ilikuwa imeshageuka. Kumbukumbu yangu ilikuwa ya kweli, lakini ya Dar. Tukio linabeba tarehe ya mahali lilipotokea. Ukitumia magazeti yetu ya wakati ule kama chanzo, hesabu siku vizuri, maana neno "jana" la gazeti linaweza kukupeleka siyo.

Safu itakayowatesa kuliko zote ni ya timu. Hapa nilipoteza siku tatu.

Ty Lawson nilimwandika Denver Nuggets, kwa sababu nilimwona kwa miaka akiwa na jezi ya Denver. Lakini namba 18 usiku ule ilikuwa ya Minnesota Timberwolves. Wao ndio waliomchagua, kisha wakampeleka Denver. Patrick Beverley, namba 42, alichaguliwa na Los Angeles Lakers, haki zake, yaani haki ya kumsajili, zikaenda Miami. Sergio Llull wa Hispania, namba 34, alichaguliwa na Denver, haki zikaishia Houston. Ukifuata jezi unazozikumbuka, orodha inakuwa ya mambo yaliyotokea baadaye, wakati kichwa chake kinasema ni ya usiku mmoja.

Kanuni niliyoishia nayo ni hii: safu ya timu inaandika timu iliyochagua, na uhamisho wa baadaye unakaa kwenye tanbihi. Sababu yake utaiona ukiwafuatilia hao Minnesota. Walichagua watu sita: Ricky Rubio namba 5, Jonny Flynn namba 6, Lawson 18, Wayne Ellington 28, Nick Calathes 45 na Henk Norel 47. Rubio na Flynn wote ni magadi wa kupanga mchezo, wamechukuliwa mmoja baada ya mwingine, na aliyefuata papo hapo, akaenda Golden State Warriors, ni Curry, gadi vilevile. Mashabiki wa Minnesota hadi leo hawajapoa. Sasa ukimhamishia Lawson Denver na Calathes Dallas ndani ya safu yenyewe, umeifuta nusu ya hadithi hiyo bila kukusudia.

Kuna mtego wa pili humohumo. Hiyo namba 5 Minnesota waliipata kutoka Washington kabla ya usiku wenyewe. Hapo Rubio mwenyewe hakuhamishwa, kilichohama ni nafasi ya kuchagua. Mimi hujieleza hivi: kuna mtu aliyenunua kiwanja akajenga mwenyewe, na kuna aliyenunua nyumba ikiwa imeshajengwa na mwingine. Rubio ni wa kiwanja, Lawson ni wa nyumba. Tanbihi za aina hizo mbili zitenganisheni, kila aina na herufi zake, la sivyo msomaji atadhani Washington ndio waliomtaka Rubio.

Safu iliyofuata niliipa kichwa "Chuo". Ilienda vizuri kwa mistari minne: Oklahoma kwa Blake Griffin, Connecticut, Arizona State, Memphis kwa Tyreke Evans. Mstari wa tano ni Rubio, ambaye alitoka klabu ya Hispania. Wa kumi ni Brandon Jennings, Mmarekani kwa uraia, lakini mwaka huo alikuwa amecheza Roma, Italia, badala ya kwenda chuo. Nilijaribu "Chuo au klabu au shule iliyotangulia", kichwa kikawa kirefu kuliko majina yaliyo chini yake. Mwishowe nikaandika "Alikotoka". Neno moja, na Jennings anaingia bila kubanwa. Kabla hujatafsiri kichwa cha safu kutoka ukurasa wa Kiingereza, jiulize ungemuulizaje mtu kwa mdomo. Mara nyingi jibu ni fupi zaidi.

Rangi. Jamani, rangi. Nilikuwa nimepaka mistari njano kwa waliowahi kuteuliwa kucheza All-Star, ile mechi ya nyota wa ligi, kijani kwa waliopata tuzo ya chipukizi bora, kijivu kwa ambao hawakucheza mechi hata moja ya NBA. Kwenye simu ilipendeza sana. Kisha nikaenda steshenari ya mtaani kuichapa ili niihakiki kwa kalamu, wino mweusi shilingi chache tu, na njano yangu yote ikatoka kijivu. Nilikaa pale kwenye benchi nikiwa siwezi kumtenganisha Curry na Norel. Nikafikiria wasioona vizuri, na wanaosomewa ukurasa kwa sauti na simu zao, ambao rangi haiwaambii kitu kabisa. Tangu hapo kila rangi ina alama yake pembeni ya jina, na alama zote zimefafanuliwa juu ya jedwali. Rangi ibaki kama pambo, alama ndiyo iseme.

Ukishaweka alama, zihesabu mwenyewe. Waliofika All-Star kutoka drafti hiyo ni sita: Griffin, Harden, Curry, DeMar DeRozan, Jrue Holiday na Jeff Teague. Tuzo ya chipukizi bora ina wawili, na hapo wahariri wengi wageni hufuta mmoja wakidhani ni kosa. Si kosa. Evans aliipata msimu wa 2009–10, na Griffin, aliyekosa msimu huo mzima kwa jeraha la goti, akaipata msimu uliofuata. Weka tanbihi ya sentensi moja, utajiokoa na mabishano ya ukurasa wa majadiliano.

Hao wa alama ya "hakucheza NBA" waandikeni kwa adabu. Llull yumo humo, na Llull huyohuyo ndiye mchezaji bora wa EuroLeague, ligi ya vilabu vya kikapu vya Ulaya, msimu wa 2016–17 akiwa na Real Madrid. Alama inasema alipocheza na asipocheza, haisemi uwezo.

Na hapo ndipo narudi kwa Thabeet, kwa sababu kishawishi kikubwa kilikuwa kwangu mimi. Mitandaoni jina lake limekuwa mzaha, linatajwa kila watu wanapohesabu machaguo mabovu, kwa kuwa alitangulia mbele ya Harden na Curry. Hasira zikanipanda, nikaandika aya nzima ya kumtetea: hakupewa muda, timu ilikuwa na senta mwingine, na kadhalika. Mhariri mwenzangu akaifuta akaniandikia kistaarabu kuwa ile ni hotuba. Nilinuna siku mbili. Alikuwa sahihi. Orodha haiwezi kumtetea mtu, na kwa sababu hiyohiyo haiwezi kumtukana. Kwa hiyo nilipokuta mahali pameandikwa kwamba alikuwa "hasara", nililifuta neno hilo kwa kanuni ileile iliyofuta hotuba yangu.

Kilichobaki ni mambo yenye tarehe. Februari 2010 Memphis walimpeleka kwa muda Dakota Wizards katika ligi ya maendeleo, na hakukuwa na mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kushushwa huko kabla yake. Februari 2011 akahamishiwa Houston, baadaye Portland, kisha Oklahoma City. Na upande wa pili: msimu wake wa mwisho chuoni, tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Big East aliigawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Tazama orodha sasa. Waliogawana tuzo moja, mmoja namba 2, mwingine namba 37, kwa sababu timu ziliyaogopa magoti ya Blair. Sentensi hiyo moja kwenye utangulizi inamweleza msomaji drafti ni bahati nasibu ya namna gani, kuliko aya yangu yote ya hasira.

Jina lake nalo lilinipa kazi. Kwa maandishi yetu ni Hashim Thabit, na ndivyo nilivyobadilisha kila mahali nikiona nalirudisha nyumbani. Lakini mwenyewe anajulikana uwanjani kama Hasheem Thabeet, na anayetafuta atatafuta hivyo. Orodha ifuate jina la uwanjani, ule mwandiko wa nyumbani utengenezewe ukurasa wa kuelekeza. Mkimaliza hapo, hakikisheni jedwali linapangwa kwa jina la ukoo. Usipoliambia, litampanga Curry kwenye S ya Stephen, na mtu anayemtafuta chini ya C atadhani umemsahau.

Mengine kwa haraka. Wastani wa pointi na rebaundi usiweke, utakuwa mtumwa wa kuusahihisha kila msimu kwa wanaoendelea kucheza. Wasiochaguliwa kabisa usiku ule lakini wakaja kucheza NBA wapeni jedwali dogo chini. Wesley Matthews na Joe Ingles wamo, na kuwaacha ni dhambi. Kurasa za tovuti za michezo hufa bila taarifa, kwa hiyo kila chanzo ukikitumia hifadhi nakala yake kwenye kumbukumbu za mtandao siku hiyohiyo. Utangulizi andika mwisho, ukishaijua orodha yako. Wangu wa kwanza ulikuwa na maneno mia nne kuhusu Thabeet na sifuri kuhusu wale wengine hamsini na tisa.

Nilipoona imekamilika nikaipeleka kijiweni. Mjomba akavaa miwani, akaishika simu mbali kidogo na uso kama wanavyofanya wazee, akashuka polepole na kidole. Kwa Thabeet alisimama, akatikisa kichwa, hakusema kitu. Akaendelea. Raundi ya pili ikapita, nikaanza kujisifu moyoni. Kwenye namba 55, Patty Mills, Portland, akasimama tena.

"Huyu ni wa wapi?"

"Australia, mjomba."

"Basi bendera hii umekosea. Hii ya New Zealand. Hesabu nyota, ziko nne, tena nyekundu. Sydney nimeshusha nanga mara ngapi mimi?"

Nikaichukua simu, nikabonyeza Hariri palepale, na kwenye muhtasari wa mabadiliko nikaandika: "Bendera ya Mills, imesahihishwa na baharia."