Mwanangu anawasema vibaya Warundi, nifanyeje?

Pole, dada yangu wa Kasulu. Umeuliza kwa nini kijana wako wa miaka 17 anawasema vibaya Warundi wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ilhali dada yake ana rafiki Mrundi anayemsuka nywele.

Watoto wa tumbo moja hutofautiana katika wanachokithamini. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Shalom Schwartz aligawa tunu za binadamu katika makundi 10. Anayetanguliza usalama huwa mwepesi kumwona mgeni kama tishio. Anayetanguliza usawa wa watu wote huona mtu kwanza. Kwa hiyo usimwite mwanao mkatili. Huenda anaogopa: kuni zinatafutwa mbali, vibarua vya shamba vinagombaniwa. Hofu hiyo isikilize kweli. Muulize anaogopa kupoteza nini, halafu nyamaza mpaka amalize.

Kisha anzia kwenye kile anachokithamini yeye. Kama ni utulivu, mweleze kuwa Tanzania iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000 waliokimbia mwaka 1972 na watoto wao, na wengi wanalima katika makazi yao ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu kama wakulima wengine. Kama ni mila na ukoo, kazi ni nyepesi zaidi, maana Kiha, lugha ya huko kwenu Kasulu, na Kirundi ni lugha ndugu.

Mihadhara mirefu haitakusaidia, naamini hivyo kabisa. Mwache akae karibu siku dada yake anaposukwa, amsikie yule binti akihesabu mistari ya nywele kwa Kirundi, naye agundue kwamba anaelewa.