Maswali ya Wasomaji: Tovuti ni Yenu, Funguo Ziko kwa Nani?

SWALI: Mhariri, mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wasukaji wa mafunjo hapa Kisumu. Mwaka 2019 kijana mmoja alitutengenezea tovuti kwa Joomla, programu ya kujengea na kusimamia tovuti, na kwa muda ilitufaa sana, kwani wateja wa mikeka na vikapu walikuwa wakitupigia simu hata kutoka Mombasa. Kijana huyo amehama na simu yake haipatikani. Hatuwezi kubadilisha hata nambari ya simu iliyoandikwa pale, na mtu akitutafuta kwenye Google anaonyeshwa kurasa za kamari zenye jina letu, ingawa sisi tukiifungua tovuti tunaona vikapu vyetu kama kawaida. Fundi mwingine anasema Joomla imekufa, kwamba ni lazima tuanze upya kwa WordPress, programu nyingine ya namna hiyo, na anadai shilingi 60,000. Je, anasema kweli? – Katibu, Kisumu

JIBU: Dada katibu, huyo fundi wa pili amefika panapostahili kwa njia isiyo sahihi, na msipoielewa tofauti hiyo mtakuja kulipa mara ya tatu.

Joomla haijafa. Ilizaliwa mwaka 2005, pale watengenezaji wa mfumo ulioitwa Mambo (jina ambalo kwetu ni salamu) walipotengana na kampuni iliyolimiliki jina hilo. Jina jipya walilolichagua ni letu kabisa: ni neno “jumla”, ila limeandikwa kwa tahajia ambayo Mwingereza angeweza kuisoma. Toleo lake la 5 lilitoka Oktoba 2023. Kilichofikia mwisho ni toleo la 3, ambalo bila shaka ndilo mlilowekewa mwaka 2019, na ambalo liliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 17 Agosti 2023. Tangu hapo kila ufa unaogunduliwa ndani yake unabaki wazi, na hata kabla ya hapo, tovuti isiyo na mtu wa kuisasisha ilikuwa hatarini. Mdukuzi aliyepita katika ufa mmojawapo amepanda mafaili yanayotambua ni nani anayebisha hodi: mitambo ya Google inapokuja inapewa kurasa za kamari, nanyi mkija mnapewa vikapu. Ndiyo sababu hamkuona lolote.

Sasa, kabla hamjamlipa mtu yeyote, tenganisheni vitu vitatu. Mwenye kibanda sokoni Kibuye anajua kwamba jina lililochorwa juu ya mlango, nafasi anayoilipia na bidhaa zilizopangwa ndani si kitu kimoja. Tovuti nayo ina jina lake, ina nafasi kwenye seva (kompyuta inayoihifadhi na kuionyesha mtandaoni) ya kampuni fulani, na ina programu pamoja na maandishi na picha zilizomo. Kijana wenu alivishika vyote vitatu kwa barua pepe yake mwenyewe, na hilo ndilo lililowafikisha hapo mlipo, si Joomla.

Anzeni na jina, kwa sababu likipotea ndilo gumu zaidi kulirudisha. Majina yote yanayoishia kwa .ke yamo katika daftari la KeNIC, shirika linalosimamia majina ya .ke, na huuzwa kupitia mawakala walioidhinishwa. Huduma ya kutafuta majina ya KeNIC itawaonyesha wakala aliyeliandikisha jina lenu na siku litakapokwisha muda. Mwandikieni wakala huyo mkiambatisha cheti cha usajili wa kikundi na ushahidi wowote wa malipo mlio nao, mkiomba jina lihamishiwe kwa kikundi, kwa barua pepe ya kikundi ambayo angalau viongozi wawili wanaweza kuifungua. Kisha ifuateni kampuni yenye seva kwa barua ya namna hiyo hiyo.

Mkishaingia kwenye paneli ya seva, yaani ukurasa wa kuisimamia, hamhitaji tena nywila ya yule kijana. Humo mtakuta faili liitwalo configuration.php, ambalo limebeba jina la hifadhidata (mahali maandishi ya tovuti yanapotunzwa), jina la mtumiaji wake na nywila yake, vyote vikisomeka wazi. Kwa hiyo msilipige picha mkaituma kwenye kundi la WhatsApp. Hifadhidata yenyewe hufunguliwa kwa phpMyAdmin, programu ya kuitazama na kuihariri. Jedwali linaloishia na _content ndilo lenye makala zenu, na linaloishia na _users ndilo lenye watumiaji, ambamo nywila ya msimamizi inaweza kubadilishwa. Hamisheni nakala ya hifadhidata yote na ya mafaili yote hadi kwenye flashi kabla ya kugusa chochote, na muiwekee alama kwamba ina maambukizi, asije mtu akairudisha mtandaoni jinsi ilivyo.

Kuhusu kuanza upya, ninakubaliana na fundi. Ingewezekana kupandisha toleo la 3.10 hadi la 4 na kisha la 5, lakini sura ya tovuti yenu ilijengwa juu ya misingi ya toleo la 3, na misingi hiyo ilibadilishwa toleo la 4 lilipokuja, kwa hiyo sura ingelazimika kutengenezwa tena kwa vyovyote vile. Ongezeni juu yake kazi ya kusaka faili moja moja lililopandwa na mdukuzi, ambayo fundi mwaminifu hataweza kuapa kwamba ameimaliza. Kwa tovuti ya kurasa chache za vikapu, ni nafuu kusimika programu safi na kunakili maandishi kwa mkono.

Ikiwa ni WordPress au Joomla mpya, zote mbili zinatosha kwa kazi yenu. Mimi ningechagua WordPress kwa sababu moja isiyo ya kiufundi hata kidogo: fundi huyu naye akihama, hamtakosa mwingine hapo Kisumu anayeifahamu. Ila mwambieni awaandikie shilingi 60,000 zinakwenda wapi. Programu yenyewe hutolewa bure kwa leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa. Mnachokinunua ni kazi ya mikono yake, pamoja na jina na seva. Mwulizeni pia ametoa wapi mandhari (sura ya tovuti) na programu-jalizi (vipande vinavyoiongezea tovuti uwezo). Akijisifu kwamba amewapatia bure mandhari ya kulipia aliyoipata kwa rafiki, kataeni, kwani nakala za namna hiyo ni njia mojawapo ya kale ya kuingiza programu hasidi.

Na malipo ya mwisho yasitoke mpaka siku mtakapoketi naye, wewe dada ukaingia kwenye tovuti kwa simu yako, ukabadilisha nambari ya simu ya kikundi mwenyewe, naye fundi amekunja mikono akitazama. Kwa kazi za kila siku jifungulie akaunti ya ngazi ya mhariri, ambayo inaandika na kuchapisha lakini haiwezi kusimika wala kufuta programu-jalizi, na ile ya msimamizi ifungueni pale tu panapokuwa na masasisho.

SWALI: Ninasimamia tovuti ya shule ya upili karibu na Kakamega, iliyojengwa kwa WordPress. Wazazi wanalalamika kwamba ukurasa wa mbele unachukua muda mrefu kufunguka na unakula bando lao. Niliambiwa ninunue seva yenye nguvu zaidi. – Mwalimu, Kakamega

JIBU: Mwalimu, usinunue chochote bado. Nina wasiwasi na picha zako za siku ya michezo. Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, WordPress huipunguza picha kubwa iliyotoka kwenye simu hadi upana au urefu wa pikseli 2,560, na hutengeneza nakala nyingine ndogo ndogo, lakini wewe ukichagua ukubwa kamili unapoipachika, mzazi anaweza kuletewa ile kubwa. Picha 20 za kilobaiti 700 kila moja ni megabaiti 14, na mzazi huyo alikuwa akitafuta tarehe ya kufungua shule tu. Chagua ukubwa wa kati, na picha ambazo hujazipakia zipunguze kwanza hadi pikseli 1,200. Ile mikanda ya picha zinazojisogeza zenyewe juu ya ukurasa iondoe; sijawahi kukutana na mzazi aliyeisubiri hadi picha ya tano. Weka mahali pake maandishi: tarehe, karo, nambari ya ofisi.

Kisha hesabu programu-jalizi. Zile ambazo hazifanyi kazi yoyote zifute kabisa badala ya kuzizima tu, maana hata iliyozimwa mafaili yake yangali kwenye seva na yanaweza kuwa na ufa. Baada ya hapo weka programu-jalizi moja ya kache (inayotunza nakala ya ukurasa ili usitengenezwe upya kila unapofunguliwa), moja tu, kwani mbili hugombana. Ukurasa ukiwa bado mzito baada ya hayo yote, hapo ndipo tuzungumzie seva.

Umenipa nafasi ya kuuliza jambo ambalo hukuliuliza: wanafunzi walio katika picha hizo, wazazi wao walikubali? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data binafsi za mtoto, na uso wenye jina chini yake ni data binafsi. Tengenezeni fomu ya idhini na itolewe siku ya kumsajili mwanafunzi.

SWALI: Niko chuoni Nakuru, nina kompyuta kuukuu na intaneti ya kubahatisha. Nataka kujifunza kujenga tovuti. Nianze na Drupal au WordPress? – Mwanafunzi, Nakuru

JIBU: Drupal, iliyotolewa na Mbelgiji Dries Buytaert mwaka 2001, ni imara kwa tovuti kubwa zenye aina nyingi za maudhui, lakini itakudai mengi kabla hujaona matunda. Anza na WordPress. Pakua XAMPP, kifurushi kinachoigeuza kompyuta yako kuwa seva ya mazoezi, pamoja na WordPress yenyewe, siku utakayopata intaneti nzuri. XAMPP ina Apache, MariaDB na PHP, ambazo WordPress inazihitaji, na kuanzia hapo utafanya kazi kwenye kompyuta yako bila mtandao. Usiishie kubofya vitufe. Ndani ya wp-content/themes fungua folda mpya, weka faili la style.css lenye mstari wa Template unaotaja folda ya mandhari unayoirithi, na uanze kubadilisha rangi na nafasi kwa CSS (lugha ya kupangia sura ya kurasa) uliyoiandika mwenyewe; mandhari mama ikisasishwa, kazi yako haitafutika.

Utakapoihamishia tovuti yako ya kwanza kwenye seva, kumbuka kwamba anwani ya localhost, yaani ya kompyuta yako mwenyewe, imeandikwa ndani ya hifadhidata, katika jedwali la wp_options, kwenye mistari ya siteurl na home. Usipoibadilisha, tovuti itafunguka vizuri kwako wewe peke yako, na mteja atakupigia simu akidai hajaona kitu.